Skleroderma, korona na kidole chenye baridi

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, tunaishi Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Mwaka juzi aliambiwa ana skleroderma baada ya kuhangaika sana. Wengine walisema ni baridi yabisi, wengine ukoma, na shangazi mpaka leo anasema karogwa. Ngozi ya mikono, uso na kifua imekaza, na vidole vikipata baridi vinageuka vyeupe. Anameza prednisoloni miligramu 5 kwa siku na mikofenoleti za kushusha kinga, nifedipini ya kufungua mishipa ya damu, na omeprazo ya tindikali ya tumbo. Zamani aliuza sangara, na kabla ya hapo aliponda mawe ya dhahabu Geita miaka sita. Sasa ni siku ya tisa anakohoa kikohozi kikavu, na mpangaji mwenzetu wa chumba cha pili amepimwa ana korona. Shangazi anasema mama aache dawa za kushusha kinga, ndizo zitakazomuua. Nilimnunulia kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Asubuhi kilisoma 78, nikalia. Mchana kikasoma 95. Nimwamini nani? Na wiki ijayo kuna msiba Nansio, kisiwani Ukerewe, mama anataka kwenda."

Jibu: Marahaba, mwanangu. La haraka kwanza. Prednisoloni asiiache hata siku moja. Dawa nyingine asizipunguze mpaka daktari wake aseme. Na kikohozi cha siku tisa kwa mtu mwenye skleroderma hakingojei mimi nimalize kuandika: kesho asubuhi mpeleke akapimwe korona na kifua kikuu kwa safari moja. Mkisharudi, keti tuzungumze.

Naanza na ile 78 iliyokuliza, maana imebeba karibu kila kitu ninachotaka kukuambia.

Kile kifaa, oksimita, hupitisha mwanga kwenye kidole na kusoma rangi ya damu inayodunda humo. Mapafu hakiyaoni kabisa. Kinaona kidole, mengine kinakisia. Sasa fikiria kidole cha mama yako saa kumi na mbili asubuhi, upepo unavuma kutoka ziwani, naye ametoka kunawa kwa maji ya ndoo iliyolala uani. Mishipa midogo ya damu imejifunga, kidole kimekuwa cheupe kama mshumaa. Kifaa kinatafuta mdundo wa damu, hakiupati, kinaokota namba yoyote kinayoweza. Hiyo ndiyo 78. Mchana mikono imepata joto, damu imerudi, kifaa kimepata cha kusoma, kinakupa 95.

Miaka ile ya korona niliitwa wadini usiku kwa mama mmoja mwenye ugonjwa huuhuu. Kidoleni 71. Wauguzi wanakimbizana na mtungi wa oksijeni, na mgonjwa mwenyewe ameketi kitandani ananiuliza kama chai ipo. Sikumwamini yeye na sikukiamini kifaa, kwa sababu korona ina tabia mbaya ya kumshusha mtu oksijeni huku anaongea vizuri na kucheka. Tukatafuta kibanio cha sikio, tukakibana kwenye ndewe: 95. Mtungi ukarudishwa, chai ikaletwa. Tangu siku hiyo, mgonjwa wa skleroderma akiletwa, kabla sijaangalia namba naushika kwanza mkono wake.

Kwa hiyo usimpime akitoka kunawa. Mkalishe ndani, mfunike kitenge au blanketi, mikono aiweke kwapani au kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika tano, kisha aikaushe. Maji hayo yajaribu wewe kwanza kwa kiwiko, vidole vya aina hiyo huchelewa kuhisi moto. Kidole chenye rangi ya kucha, piko au kidonda kiache, chukua chenye joto kuliko vyote, acha kifaa kitulie dakika nzima. Halafu fanya jambo ambalo aliyekuuzia pengine hakukuambia. Kifaa kinaonyesha namba mbili, ya oksijeni na ya mapigo ya moyo. Shika mkono wake wa pili kwenye kifundo, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa dakika moja. Hesabu yako ikipishana mbali na namba ya mapigo ya kwenye kioo, basi na ile ya oksijeni itupe. Ukifika hospitali, omba wampime kwa kibanio cha sikio au cha paji la uso. Usione haya kuomba.

Kuna udanganyifu mwingine, na huu unakwenda kinyume. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha oksimita na kipimo halisi cha damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Walitazama wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma kati ya 92 na 96, wakakuta baadhi yao oksijeni ya kweli iko chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa asilimia 11.7, kwa weupe 3.6. Vifaa hivi havikutengenezwa kwa kufikiria ngozi zetu. Kidole cha baridi kitakutisha bure, na kidole chenye joto cha mtu mweusi kinaweza kukutuliza bure. Ndiyo maana 93 ya mchana, mikono ikiwa na joto, mimi naichukulia kwa uzito kuliko 78 ya alfajiri.

Ukiniuliza mtu mwenye skleroderma ana hatari gani na korona, nitakuuliza kwanza: kifua chake kilikuwaje kabla?

Skleroderma, ambayo vitabuni huitwa sistemiki sklerosisi, watu huijua kwa ngozi. Ngozi inakaza, mdomo unakuwa mdogo, vidole havikunjuki. Lakini ngozi ni mlango tu. Kinga ya mwili imegeuka dhidi ya mwenyewe, mishipa midogo ya damu inaumia, na mwili unaweka kovu mahali pasipo kidonda: kwenye umio, kwenye utumbo, kwenye moyo, na zaidi kwenye mapafu. Ukiwapiga wagonjwa picha za CT, nusu yao au zaidi utakuta alama za kovu mapafuni, wengine bila kukohoa hata kidogo. Siku hizi, wanaofariki kwa ugonjwa huu wengi huondolewa na mapafu, ama kwa kovu hilo ama kwa shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu. Pafu lenye kovu halinyumbuki na halina akiba. Mtu mwingine akipoteza robo ya pafu kwa nimonia ya korona atahema, atapona. Mwenye kovu alikuwa ameshaitumia robo hiyo.

Ugumu unazidi kwa sababu korona na kovu la skleroderma hufanana kwenye picha. Yote mawili hutoa ukungu mweupe pembeni na chini ya mapafu. Nimewahi kuketi na mwenzangu mbele ya picha moja, yeye anasema korona, mimi nasema ugonjwa wake wa zamani, na kilichotuamulia hakikuwa elimu ya yeyote kati yetu. Ilikuwa picha ya miezi minane nyuma ambayo mgonjwa alikuwa ameihifadhi nyumbani, ndani ya bahasha, chini ya godoro. Tukaziweka pamoja, tukaona kipya ni kipi.

Kwa hiyo tafuta bahasha ya mama. Tafuta picha ya kifua ya mwaka juzi, tafuta kipimo cha kupuliza cha nguvu ya mapafu kama aliwahi kupuliza, tafuta eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kama havipo, akipona kikohozi hiki omba vifanyike kwenye kliniki ya magonjwa ya ndani, hospitali ya Bugando au popote anakohudhuria, na nakala mkae nazo nyumbani. Oksijeni yake andika kwenye daftari siku ambazo yuko mzima, mikono ina joto: akiwa amekaa, halafu baada ya kusimama na kukaa kwenye kiti mfululizo kwa dakika moja. Mtu wa kawaida huwa 95 kwenda juu na hashuki sana. Mama yako huenda kawaida yake ni 94. Daktari wa zamu usiku asiyemjua hawezi kulijua hilo, daftari litamwambia.

Kwa sasa, maadamu daftari halipo, tumia kipimo hiki. Mikono ikiwa na joto na mapigo yamelingana, ikisoma 92 au chini ya hapo, mpeleke hospitali hapohapo, hata iwe saa nane ya usiku. Ikisoma 93 au 94, mwone daktari siku hiyohiyo. Na ikisoma 95 akiwa amekaa, lakini ikashuka kwa namba tatu au zaidi baada ya ile dakika ya kusimama na kukaa, mchukulie kama huyo wa 93. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, kifua kikibana au akianza kuchanganyikiwa, usipime kitu. Ondokeni.

Sasa shangazi. Hajakosea yote, na ningependa umwambie hivyo ili naye akusikilize.

Mwaka 2020 madaktari wa magonjwa ya viungo duniani walikusanya taarifa za wagonjwa wao waliopata korona, wa kwanza 600 kutoka nchi 40. Waliokuwa wakimeza prednisoni, ndugu wa prednisoloni, miligramu 10 au zaidi kwa siku walilazwa zaidi kuliko wengine. Mwaka uliofuata walitoa hesabu ya wagonjwa 3,729 wakiangalia vifo. Umri mkubwa, ugonjwa wa mapafu wa tangu zamani na dozi kubwa ya prednisoloni vilijitokeza. Rituksimabu, dawa ya dripu ambayo baadhi ya wagonjwa wa skleroderma hupewa, ilijitokeza. Kundi la dawa ambalo mikofenoleti imo halikutoka safi pia. Hapo shangazi ana neno. Ila hesabu hiyohiyo ilionyesha jambo ambalo hajalisikia: waliokuwa na ugonjwa mkali usiotulizwa nao walikufa zaidi. Mikofenoleti ya mama ndiyo inayozuia kovu lisiendelee kupanda mapafuni. Akiiacha kwa kuogopa korona isiyokuja, miezi michache baadaye pafu litakuwa limebana zaidi, na korona itakapokuja itamkuta hali mbaya kuliko leo.

Kuacha kwa hofu na kusimamisha kwa ushauri ni mambo mawili tofauti. Kipimo kikisema ana korona kweli, daktari wake huenda akasimamisha mikofenoleti kwa wiki moja au mbili, kisha airudishe dalili zikipungua. Hilo ni la kawaida na lina tarehe ya kurudi. Hakikisheni tarehe hiyo imeandikwa. Nimeona watu walioambiwa "simamisha kidogo" wakarudi baada ya mwaka.

Prednisoloni ni habari nyingine kabisa. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya aina hiyo. Mtu akimeza vidonge kwa miezi mingi, tezi husinzia, maana kazi yake inafanywa na kidonge. Ukikikata kidonge ghafla, tena mwili ukiwa unapigana na homa, tezi haiamki kwa wakati na mtu anaanguka, presha chini kabisa. Miligramu 5 za mama ni chini ya ile 10 iliyotia wasiwasi. Aendelee nazo.

Lakini kuzidisha nako kuna hatari, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi kwa watu wa mjini kwetu. Mtu anakohoa, anakwenda duka la dawa, anachomwa "deksa", yaani deksamethasoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, na kupewa pakiti ya antibayotiki ya azithromaisini. Sifa ya deksamethasoni ilitoka kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza, Juni 2020: miligramu 6 kwa siku, hadi siku kumi, ilipunguza vifo kwa theluthi kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wale wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu. Azithromaisini nayo ilijaribiwa hukohuko, haikuwasaidia wagonjwa.

Kwa mgonjwa wa skleroderma deksa ina deni lake. Miligramu 6 hizo ni sawa na prednisoloni 40 hivi, na tumejua tangu miaka ya 1990 kwamba kuvuka prednisoloni 15 kwa siku huongeza uwezekano wa figo kushambuliwa ghafla, hasa kwa mwenye ngozi iliyokaza kifuani na aliye kwenye miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Mama yako ana yote mawili. Presha inaruka, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, mkojo unakuwa na povu au unapungua, na figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Zamani, kabla ya dawa ya presha ya kaptopri na jamaa zake, wengi hawakumaliza mwaka. Siku hizi wengi tunawaokoa, tukiwahi.

Je, mama akifikia hatua ya kuhitaji oksijeni tumnyime deksa? Hapana. Hapo faida inazidi, nitampa, na nitampima presha asubuhi na jioni na figo kila baada ya siku moja au mbili. Ninachokataa ni sindano ya dirishani kwa mtu ambaye oksijeni yake ni nzuri. Kama una fedha ya kununua kifaa kimoja zaidi, nunua mashine ya presha. Presha yake ya kawaida iandike kwenye daftari lilelile. Namba ya juu ikipanda kwa 30 kupita kawaida yake, hata kama haijafika namba ya kutisha, hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Neno moja kuhusu Paxlovid, vidonge vya kutibu korona, kama kuna atakayekutafutia. Vinapandisha nguvu ya nifedipini mwilini mpaka presha ikaanguka, na haviendani kabisa na bosentani, wala na sildenafili ya wenye presha ya mapafu. Asivimeze bila daktari kuiona orodha nzima ya dawa zake.

Turudi kwenye kikohozi. Kila mtu nyumbani ameshaamua ni korona kwa sababu ya mpangaji. Huenda. Lakini kwa mama yako ninahesabu kwa vidole na mkono mmoja haunitoshi. Inaweza kuwa kovu la mapafu linasonga: hapo daktari akiweka kipimo chake mgongoni chini husikia mlio kama wa viatu vya mtoto vya kubandika vikibanduliwa. Inaweza kuwa tindikali ya tumbo. Umio wa skleroderma umelegea, haufungi vizuri, na usiku tindikali hupanda, matone yake huingia njia ya hewa, mtu anakohoa mpaka alfajiri. Kama amewahi kupewa kaptopri, hiyo nayo peke yake huleta kikohozi kikavu.

Na inaweza kuwa kifua kikuu. Ile miaka sita ya Geita uliitaja kwa kupita, mimi imenishtua kuliko yote. Jiwe la dhahabu likipondwa hutoa vumbi la silika. Anayelivuta miaka mingi huwa rahisi kupata kifua kikuu, na prednisoloni inaongeza. Zaidi ya hapo, mwaka 1957 daktari Erasmus wa Afrika Kusini aliandika juu ya skleroderma miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, na tangu hapo uhusiano wa vumbi hilo na ugonjwa huu umeonekana sehemu nyingi. Siwezi kuapa kwamba ugonjwa wa mama ulitoka kwenye karasha, kinu cha kuponda mawe. Ninachosema ni kwamba kila daktari atakayemwona aambiwe habari ya Geita, maana wengi hatumfikirii mama wa miaka 52 kama mchimbaji. Kipimo cha makohozi ni bure. Kama hana makohozi waambie hivyohivyo, zipo njia za kuyatoa.

Najua jikoni mmeshaanza. Tangawizi, malimao, vitunguu swaumu, vyote kwenye sufuria moja, kikombe asubuhi na kingine kabla ya kulala. Kwa wewe hakina neno. Kwa mama yako kikombe cha ndimu na tangawizi saa nne ya usiku kinachochea kiungulia, halafu kesho mnasema kikohozi kimezidi, korona imepanda. Mpe maji ya uvuguvugu au chai nyepesi. Chakula cha usiku kiwe kidogo, na kitangulie kulala kwa muda wa saa tatu. Kitanda kiinueni upande wa kichwani kwa matofali chini ya miguu, tofali moja moja iliyolazwa, imara, lisiyumbe. Mito mitatu haifanyi kazi hiyo, inamkunja tumbo tu. Omeprazo ainywe kabla ya kula, siyo baada.

Nyungu usimwekee. Mvuke hauui kirusi kilicho ndani ya pafu, na mtu ambaye vidole havihisi vizuri na hawezi kushika sufuria barabara ataungua. Kidonda cha ncha ya kidole chenye skleroderma hukaa miezi.

Kunawa mikono nako tukurekebishe. Ndoo ya koki mlangoni ni nzuri, lakini maji ya baridi mara kumi kwa siku yatamletea vidole vyeupe mara kumi. Chupa ya chai ya maji moto ikae karibu, uchanganye. Sabuni ya kipande laini, siyo ya unga ya kufulia. Vitakasa mikono vinakausha ngozi mpaka inapasuka, kwa hiyo akirudi nyumbani apake mafuta ya mgando kila anapomaliza kukausha. Mpangaji avae barakoa koridoni, na kwa siku hizi mama asitumie choo mara tu baada yake. Fungueni madirisha, mama avae sweta.

Akilazwa, kuna mambo matatu umwambie muuguzi mwanzoni kabisa, tena uyaandike kwenye karatasi umbandikie kwenye faili. Mdomo wake haufunguki sana. Ikitokea anahitaji mpira wa kupumulia, anayeuweka ajue mapema aite mwenye uzoefu. Mishipa yake ni migumu kupatikana, na damu ya kwenye ateri ya kifundo isichukuliwe ovyo kwenye mkono ambao vidole vyake vinageuka vyeupe. Na alale kichwa kikiwa juu. Ukiambiwa alazwe kifudifudi kusaidia oksijeni, inawezekana, ila asiwe ametoka kula muda huohuo.

Chanjo hukuuliza, lakini nitajibu kwa ufupi. Hapa Tanzania tulianza kuchanja Julai 2021 kwa chanjo ya Janssen, zikafuata nyingine. Hakuna kati ya hizo yenye kirusi hai kinachoweza kuzaliana mwilini, kwa hiyo dawa za kushusha kinga hazimzuii. Tatizo ni kwamba mikofenoleti hupunguza nguvu ya chanjo, na rituksimabu huipunguza sana. Daktari anaweza kumsimamishia mikofenoleti wiki moja au mbili baada ya sindano, ugonjwa ukiwa umetulia. Waulize kliniki ni chanjo ipi inayopatikana sasa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha, kirusi hakikusikia tangazo.

Na Nansio. Majibu yakionyesha korona, haendi, na wafiwa wataelewa. Yakiwa safi, kifua kikuu hakuna, oksijeni imetulia siku tatu, sitamzuia mtu kumzika ndugu yake. Ila kwenye meli kuna mtego. Chini, ndani, kuna joto na watu wamebanana, pumzi moja inapita vifua mia. Juu kuna hewa safi ya kutosha, na upepo wa ziwa utakaovigeuza vidole vyake vyeupe kabla hamjaiacha bandari. Mimi ningemketisha juu, upande uliokingwa na upepo, mgongo ukutani, barakoa usoni, soksi mbili, glavu za sufu na kitenge kizito juu ya sweta. Anayetunza joto la kiwiliwili anatunza vidole. Beba chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, aikumbatie. Beba dawa za wiki nzima, siyo za siku mbili, meli huwa na yake. Kule msibani akae nje chini ya mwembe na wazee, usiku asilale kwenye chumba cha wanawake ishirini. Na asikubali kupewa kazi ya kuosha samaki.